Gari likizima kwenye foleni ya mpakani, usikimbilie kununua throto mpya

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayebeba nyanya, dagaa, vitenge au vipuri kati ya nchi zetu husumbuliwa na gari likiwa limesimama kuliko likiwa linakimbia. Barabarani Probox iliyoshiba mzigo huenda bila lawama. Ikifika kwenye foleni ya Namanga, Sirari au Busia, mambo hubadilika. Injini inatetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka wenyewe, na ukiwasha kiyoyozi au ukikata usukani ili usogee, gari linazima. Unawasha, linawaka. Unasogea mita tano, linazima tena.

Wasafiri wengi wa mpakani wanaijua hali hiyo, na wengi wameilipia mara tatu au nne. Kwanza huambiwa plagi zimechoka. Zikibadilishwa na tatizo likabaki, lawama huhamia kwenye koili, kisha pampu ya mafuta. Mwisho huja hukumu kubwa: "Mama, throto imekufa, tafuta nyingine." Safari ya kwenda Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan ya Nairobi au Kisekka ya Kampala inaanza, na pesa ya mzigo wa wiki inageuka kuwa kipande cha chuma cha mtumba kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kinafungwa, na gari bado linasumbua. Safari hii halizimi, linanguruma juu kama lori.

Mara nyingi throto ile ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa chafu tu. Na ile ya pili haikuwa mbovu. Hakuna aliyeifundisha kompyuta ya gari kuitambua. Kazi zote mbili, kusafisha na kufundisha, mtu anayejua kushika spana anaweza kuzifanya nyumbani kwa saa mbili. Asiyeshika spana anaweza kumsimamia fundi azifanye zote. Tatizo lililopo katika gereji nyingi za ukanda huu ni kwamba kazi ya kwanza hufanywa na ya pili hurukwa.

Mlango wa hewa na kipepeo chake

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko mafuta. Hewa huingia kupitia filta, inapita kwenye bomba la mpira, kisha inafika kwenye mlango wa chuma wenye kisahani cha duara katikati, ambacho mafundi hukiita kipepeo. Mlango huo ndio throto. Unapokanyaga pedali ya mafuta, kwa kweli unafungua kipepeo. Hewa ikizidi, kompyuta huongeza mafuta na gari linavuta.

Ukiondoa mguu, kipepeo hufunga karibu kabisa. Hubaki upenyo mwembamba pembeni, na hewa inayopenya hapo ndiyo inayoiweka injini hai gari likiwa limesimama. Mwendo huo wa injini bila kukanyagwa mafuta ndio mafundi wengi wa Tanzania huuita sailensi. Katika magari mengi madogo ya Toyota, injini ikishapata moto, sailensi nzuri huwa kwenye mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika.

Sasa fikiria upenyo huo mwembamba ukijaa masizi. Injini hutoa mvuke wa oili ambao haurushwi nje. Huzungushwa na kurudishwa kwenye njia ya hewa ili uungue. Mvuke huo, pamoja na moshi unaorudi nyuma kutoka kwenye mitungi na vumbi jembamba lililopenya filta iliyochoka, hutengeneza utando mweusi unaonata kuzunguka ukingo wa kipepeo. Ukikimbia kwa kasi hautauona ubaya wake, maana kipepeo kiko wazi na hewa inapita tele. Ukisimama, upenyo ndio huo mmoja, na umezibwa. Ndiyo maana ugonjwa huu hujitokeza kwenye foleni.

Magari yetu yana sababu ya ziada ya kuugua. Mengi hufika hapa yakiwa yameshatumika Japan kwa miaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Maana yake hata gari "jipya" la yadi linaweza kuwa na masizi ya miaka saba ya foleni za mjini kabla hujalibebesha gunia la kwanza. Bado hatujaongeza vumbi la njia za vijijini mazao yanakotoka.

Kompyuta iliyozoea uchafu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tusimame kidogo.

Katika magari ya miaka ya karibuni pedali ya mafuta haijaunganishwa na kipepeo kwa waya wa chuma. Inatuma taarifa kwenye kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroboksi, nayo inaamuru mota ndogo ifungue kipepeo. Kompyuta hiyo hujifunza. Masizi yanapoanza kuziba upenyo, inaona mizunguko inashuka, kwa hiyo inafungua kipepeo kidogo zaidi ili kufidia. Mwezi unaofuata inafungua zaidi. Inaandika kumbukumbu: ili gari hili lisizime, kipepeo kikae hapa. Dereva hahisi kitu kwa muda mrefu, pengine miaka, mpaka uchafu uzidi uwezo wa kufidia.

Kumbukumbu hiyo ndiyo chanzo cha visa viwili ambavyo huwagombanisha wenye magari na mafundi.

Kisa cha kwanza ni gari linaloanza kuzimazima siku ileile lilipobadilishwa betri. Mwenye gari humlaumu muuza betri, akidhani ameuziwa mbovu au nyaya zimeharibiwa. Betri haina kosa. Ilipotolewa, kumbukumbu ya kompyuta ilifutika. Kompyuta ikarudi kwenye kipimo cha kiwandani, kile cha throto safi, lakini throto iliyopo ina masizi. Hewa haitoshi, injini inazima. Uchafu ulikuwapo siku zote, ila kompyuta ilikuwa inauficha.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Fundi amesafisha throto ikang'aa, amefunga, amewasha, na injini inanguruma kwenye mizunguko 1,500 au zaidi. Kompyuta bado inafungua kipepeo kwa kipimo cha uchafu, lakini uchafu haupo tena, na hewa inaingia kwa wingi. Fundi asiyejua hilo husema throto imeharibika katika kusafishwa, au huanza kuzungusha skrubu asizopaswa kuzigusa. Hata ukinunua throto nyingine, iwe mpya au ya mtumba, hali ni ileile, kwa sababu kumbukumbu ni ya throto ya zamani.

Gari la gia otomatiki lenye sailensi ya juu si kero ya mafuta peke yake. Ukitia D linaruka mbele. Kwenye foleni ya mpakani, ambako wachuuzi wa maji na karanga hupita katikati ya magari na watu husimama mbele ya boneti wakijaza fomu, kuruka huko kunaweza kuvunja mguu wa mtu.

Kabla ya kufungua chochote

Hakikisha ugonjwa ndio huu. Throto chafu hujionyesha injini ikiwa haijakanyagwa: sailensi ya chini au inayoyumba, kuzima unapoachia mafuta ili usimame, kuzima unapowasha kiyoyozi. Gari linalokosa nguvu kwenye mlima, linalomisi ukikanyaga, au linalotoa moshi mweusi lina jambo jingine, na kusafisha throto hakutalitibu. Kutetemeka ukiwa kwenye D tu huku mizunguko ikiwa imetulia mara nyingi ni mpira wa injini uliokatika.

Angalia filta ya hewa kwanza. Ni kazi ya dakika moja na haina gharama. Kama imejaa vumbi, ibadilishe, la sivyo throto unayosafisha leo itachafuka upya.

Kama una kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuonyesha kwenye simu, kitumie. Namba P0506 humaanisha sailensi iko chini ya inavyotakiwa, na P0507 kwamba iko juu. P0505 inataja kasoro katika mfumo mzima wa sailensi. Namba hizo hazikuambii "nunua throto". Zinakuambia kwamba hewa ya kusimamia si sahihi, na kazi ya kutafuta sababu inabaki kwako. Mtu anayesoma namba kwenye skrini na papo hapo kukutajia bei ya kipuri amekusomea nusu ya jambo.

Kisha fungua boneti uone throto yako ni ya aina gani. Usikisie kwa mwaka wa gari. Ukiona waya wa chuma unaotoka upande wa pedali na kuzungusha gurudumu dogo kwenye throto, hiyo ni ya zamani. Sailensi yake husimamiwa na valvu ndogo iliyo pembeni au chini ya throto yenyewe, na tundu za valvu hiyo ndizo huziba zaidi. Ukiona soketi ya nyaya za umeme na boksi la plastiki pembeni bila waya wa chuma, ni ya umeme. Ninayoeleza hapa ni ya injini za petroli. Dizeli ina mambo yake, na magari ya haibridi kama Prius na Aqua yana umeme mkubwa na injini inayojizima yenyewe kwa kawaida. Hayo yapeleke kwa anayeyajua.

Kusafisha

Tafuta dawa ya kopo iliyoandikwa kuwa ni ya kusafishia throto. Ile ya kabureta hufanana nayo na huuzwa kwenye rafu hiyohiyo, lakini mara nyingi ni kali zaidi, na throto nyingi za umeme zina rangi nyembamba ya kinga kwenye ukingo wa kipepeo ambayo haitakiwi kung'olewa. Petroli ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa katika gereji bubu na kwa mafundi wa jua kali kwa kuwa ipo na ni ya bure. Inaharibu mipira na inawaka moto. Ongeza vitambaa safi visivyoacha nyuzi, mswaki laini, bisibisi na soketi za namba 10 na 12. Ukiweza, nunua na gasketi mpya ya throto.

Fanya kazi injini ikiwa baridi, mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Zima gari na utoe ufunguo kabisa. Kipepeo cha umeme kinaweza kujifunga ghafla swichi ikiwa imewashwa, na mota yake ina nguvu ya kukata ncha ya kidole. Kama gari lako huwashwa kwa kitufe, weka rimoti mbali, ndani ya nyumba.

Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha kwa simu. Chomoa soketi ya sensa ya hewa iliyo karibu na boksi la filta, legeza klempu za bomba la mpira, na uvute bomba polepole. Mipira mingi ya magari haya imekauka na hupasuka ikilazimishwa. Mulika ndani. Kama ukingo wa kipepeo una pete nyeusi inayonata, umepata unachotafuta. Kama ni safi, rudisha kila kitu na utafute ugonjwa mwingine.

Wako wanaosafisha throto ikiwa palepale ilipofungwa, kwa kupuliza dawa ndani. Inasaidia kidogo, lakini uchafu ulio nyuma ya kipepeo haufikiki, na dawa ikizidi huingia kwenye injini. Mimi napendelea kuitoa. Kwa kawaida hushikwa na bolti au nati nne. Katika Toyota nyingi kuna mipira miwili midogo ya maji ya rejeta inayopita chini ya throto. Ndiyo sababu ya kufanya kazi injini ikiwa baridi: ukiichomoa injini ikiwa ya moto, maji yatakuunguza. Weka chombo ukinge maji, ziba midomo ya mipira, na ukumbuke kujaza rejeta baadaye. Hatua hii husahaulika, kisha gari hupata moto kupita kiasi njiani na throto husingiziwa.

Throto ikiwa mkononi, ishike upande wa mota ukiwa juu ili dawa isitiririke kuelekea kwenye umeme. Puliza dawa kwenye kitambaa, si kwenye ekseli ya kipepeo. Sukuma kipepeo taratibu kwa kidole, ukishikilie wazi, ufute ukingo wake na ukuta wa ndani, pande zote mbili. Palipoganda tumia mswaki laini. Usitumie msasa, bisibisi wala brashi ya waya, na usiiloweke kwenye beseni. Endelea mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Achia kipepeo uone kama kinarudi chenyewe bila kukwama.

Kwa throto ya waya wa chuma, safisha pia tundu za valvu ya sailensi. Halafu acha kuna skrubu ndogo juu yake jinsi ilivyo. Skrubu hiyo ndiyo dawa ya haraka ya mafundi wengi: gari linazima, wanaizungusha, sailensi inapanda, mteja anaondoka akifurahi. Masizi yamebaki palepale, na atakaposafisha siku moja gari litanguruma juu na hatajua kwa nini.

Sensa ya hewa isipulizwe dawa ya throto hata kidogo. Ina nyuzi nyembamba kuliko unywele na ina dawa yake yenyewe. Ukiiharibu, umenunua tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo.

Rudisha throto na gasketi yake, kaza bolti kwa mtindo wa msalaba kidogokidogo, rudisha mipira ya maji, bomba la hewa na klempu zake, chomeka soketi zote mbili. Jaza maji ya rejeta. Subiri kama robo saa ili dawa iliyobaki iyeyuke.

Kuifundisha kompyuta upya

Sasa ndiyo kazi inayorukwa.

Kwa Toyota nyingi za petroli, unafuta kumbukumbu ya zamani na kuliacha gari lijifunze. Wengi hutoa waya hasi wa betri. Inafaa, lakini ujue kwamba redio nyingi za Kijapani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri au diski ya ramani, na kuna watu wamebaki bila redio mpaka leo. Njia nzuri zaidi ni kufungua boksi la fyuzi chini ya boneti na kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, pamoja na ETCS kama ipo, ufunguo ukiwa umetolewa. Subiri dakika tano, kisha uzirudishe.

Washa swichi bila kuwasha injini, hesabu hadi kumi, zima. Washa swichi tena, sasa washa injini. Usiguse mafuta. Injini inaweza kusitasita au kutoa moshi kidogo wa dawa mwanzoni. Iache. Taa, redio, feni na kiyoyozi vyote viwe vimezimwa. Iache ipate moto wake wa kawaida, kama dakika kumi hivi. Halafu washa kiyoyozi, uiache dakika nyingine tano. Kanyaga breki, tia D, na ukae hivyo kidogo gari likiwa limesimama. Zima. Washa tena, uzunguke mtaani kwa robo saa ukisimama mara kwa mara, kwa sababu kompyuta hujifunza zaidi kila unapoachia mafuta na kusimama. Sailensi ikikaa kwenye 600 hadi 800 injini ikiwa ya moto, kazi imekwisha.

Nissan ni wagumu zaidi. Wenye AD, Wingroad, Note na X-Trail wanajua: Nissan nyingi hazitulii kwa kutoa betri peke yake. Zina utaratibu wake unaofanywa kwa pedali na saa. Endesha gari kwanza kama dakika kumi, injini na gia vipate moto. Simama mahali tambarare, usukani umenyooka, gia kwenye P, kila kinachotumia umeme kimezimwa. Bila kugusa pedali, washa swichi kwa sekunde mbili, zima kwa sekunde kumi, washa tena sekunde mbili, zima sekunde kumi. Hapo pedali imejitambulisha. Ukizima, tega sikio. Utasikia kipepeo kikijisogeza chini ya boneti, nacho kinajifunza mahali pake pa kufunga.

Sasa ya sailensi yenyewe. Washa swichi bila kuwasha injini, hesabu sekunde tatu. Ndani ya sekunde tano zinazofuata, kanyaga pedali mpaka chini na kuiachia mara tano. Subiri sekunde saba. Kanyaga mpaka chini na ushikilie. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kumweka, na baada ya kama sekunde ishirini za kushikilia itaacha kumweka na kubaki imewaka. Ikibaki imewaka tu, achia pedali ndani ya sekunde tatu, washa injini, usiguse kitu kwa sekunde ishirini. Utasikia sailensi ikishuka yenyewe na kutulia.

Ni vigumu kuifanikisha mara ya kwanza. Mpe mtu saa ya simu akuhesabie kwa sauti, kwa sababu sekunde moja ikipotea kompyuta haikubali. Ukishindwa mara nne au tano, tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia inayoweza kuamuru kazi hiyo moja kwa moja. Mashine nyingi za wastani zinaweza, katika menyu ya Nissan. Kumlipa mtu kwa kazi hiyo si kushindwa. Ni bei nafuu kuliko throto.

Ikigoma

Sailensi ikibaki juu hata baada ya kufundishwa, shuku hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: gasketi iliyokaa vibaya, klempu iliyolegea, mpira mdogo wa hewa uliosahaulika au uliopasuka ulipokuwa unavuta. Sikiliza kama kuna mluzi karibu na throto. Rudi kwenye picha ulizopiga kwa simu, ulinganishe mpira kwa mpira.

Ikibaki chini na gari linazima bado, angalia kama sensa ya hewa imechomekwa. Si mzaha, ni kosa la kawaida kabisa. Baada ya hapo ndipo plagi, koili na mafuta vihojiwe. Na kama taa ya injini imewaka na gari limejifunga lisizidi mwendo wa kutambaa, huenda mota ya throto au sensa zake zimekwisha kweli. Hapo kununua ni halali.

Ukiwa upande wa pili

Gari likikugomea nchi jirani, hesabu hubadilika. Gari lenye namba za nchi nyingine huingia kwa kibali cha muda, na siku za kibali huhesabika hata likiwa limelala gereji. Mzigo wako unaweza kuwa mdogo, ule usiozidi dola 2,000 unaopita kwa cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, lakini nyanya hazisubiri. Fundi anajua una haraka, anajua hutarudi kesho kudai, na anakusikia lafudhi.

Mwambie maneno machache yanayoonyesha unajua unachotaka. Usiseme "gari linazima, angalia tatizo". Sema: "Nataka throto ifunguliwe niione, isafishwe kwa dawa yake, kisha uifundishe kompyuta. Una mashine ya kufanya hiyo kazi ya mwisho?" Fundi anayejibu kwamba kufundisha hakuhitajiki, kwamba gari "litazoea lenyewe", anaweza kuwa sahihi kwa Toyota kwa siku chache za kuvumilia. Kwa Nissan mara nyingi si sahihi. Akikuuzia throto ya mtumba, makubaliano yawe kwamba malipo yanakamilika sailensi ikiwa imetulia, na throto yako ya zamani uondoke nayo. Ile ya zamani huenda ni nzima. Ikisafishwa, kuna mtu ataiuza kesho, na ni afadhali mtu huyo awe wewe.

Dereva anayepanda kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ajue jambo moja zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 16. Kompyuta hulazimika kufungua kipepeo zaidi ili ipate hewa ileile. Throto iliyokuwa inavumilika Kariakoo inaweza kuanza visa ukifika juu, wala haijaharibikia njiani.

Kwa gari la kazi, fungua bomba la hewa utazame kipepeo kila unapofikisha kilomita 40,000 hivi, au mapema ukianza kusikia sailensi ikiyumba. Na usiifanye kazi hii usiku wa kuamkia safari. Ifanye siku ambayo huna mzigo, ulizungushe gari mtaani siku mbili tatu, usimame kwenye taa na vituo vya daladala, uwashe kiyoyozi jua likiwa kali. Likiwa na neno la kusema, lisemee nyumbani.